Chumvi ya Golikipa

Niliondoka Hombo nyuma ya pikipiki iliyobeba pia godoro, jogoo na jerikani la mawese. Nilifika Masisi kwa miguu, sanduku la vyombo vya kushona viatu kichwani. Kati ya hayo mawili kuna msitu mzima wa Walikale. Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini sikupitia ziwani, maana nilizaliwa Shasha, na kutoka Shasha kupanda Masisi si mbali. Siku zile nikisikia barabara fulani ni mbaya, moyo ulinituma huko huko. Baba yangu alitoka msituni Walikale akiwa kijana, akashuka ziwani, akaoa, akafa kabla hajanieleza mengi. Aliniachia jina la ukoo wake tu, na hata hilo nililisikia alipokuwa amekunywa pombe ya kasiksi na kuanza kuwalilia watu wa kwao. Labda nilikuwa namtafuta yeye. Labda nilikuwa nimeichoka Hombo tu, na malori yake yanayolala barabarani yakisubiri tope likauke.

Pikipiki ilizama kwenye tope hadi tangi. Motari, mwendeshaji wake, akakaa juu ya godoro, akasema atawasubiri wenzake, hata kama ni kesho kutwa. Mimi nikashika njia. Nilivuka mito juu ya miti iliyolazwa, nikalala kwenye makanisa ya mbao, nikamshonea mchungaji mmoja viatu vyake vya Jumapili ili nipate kula. Nilipofika Walikale-centre nilipumzika kidogo, kisha nikaambiwa kwamba kuna njia ya kupandia Masisi na kwamba hakuna mtu mwenye akili anayeipita wakati wa mvua. Nikaipita.

Katika kijiji kimoja cha njia hiyo mvua ilinikamata kabisa. Nilijikinga kwenye ukingo wa nyumba, mama mwenye nyumba akaniita ndani, akaniwekea bukari, ule ugali wa muhogo, kisamvu wanachokiita sombe, na uyoga. Mumewe alikuwa mwindaji, mtu wa maneno machache. Mama aliuliza natoka wapi, nikamwambia. Akauliza baba yangu ni wa ukoo gani. Nikalitaja lile jina, nikaongeza kwamba sina hakika, nililisikia utotoni kutoka kwa mtu aliyelewa. Aliweka chini bakuli alilokuwa ameshika, akanizunguka, akaangalia masikio yangu, kwanza la kulia, kisha la kushoto.

“Haya masikio iko ya kwetu,” akasema. “Weye uko kaka yangu.”

Mumewe alicheka bila kuinua kichwa. “Kila mvua bibi yangu anapata kaka mupya.”

Lakini kuanzia jioni ile watoto wa nyumba waliniita Mujomba, na mama akanitenga na wageni wengine: maji ya kuoga yalikuja kwangu kwanza, na nyama ya mgongo wa kuku ikawekwa kwenye sahani yangu. Nilidhani ni ukarimu wa mvua, utakwisha mawingu yakifunguka. Mawingu yalifunguka, haukwisha.

Mtoto wake mkubwa alikuwa msichana mrefu aliyemaliza shule ya sekondari na wakati ule alikuwa nyumbani tu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mti wa nsafu, yale matunda ya rangi ya zambarau yanayopikwa kwa maji ya moto. Nsafu ikianguka chini inapondeka, na iliyopondeka hakuna anayeinunua. Basi wadogo zake walipanda juu na kuyatupa, naye alisimama chini akiyadaka. Hakukuwa na moja lililogusa udongo. Alidaka la kulia huku akiniuliza jinsi ya kutia gundi kwenye soli, akadaka la kushoto huku akisikiliza jibu. Mimi nilipoteza neno mara kadhaa kwa kumtazama. Yeye hakupoteza tunda.

Nilipoaga, mama alinifungia chakula kwenye majani ya ndizi. Akasema kwa desturi angenipa kitunga, kikapu chake cha kusuka, lakini kitunga cha dada hakiendi kwa kaka ovyo ovyo, kwa sababu kikienda lazima kirudi, na hakirudi tupu. “Nitakutumia siku ingine,” akasema, “ukiwa na fasi ya kuikala.”

Masisi ilinipokea kwa ukungu. Nilipanda kutoka kwenye joto la msitu hadi kwenye vilima vya maharage, viazi na ng'ombe, na meno yangu yakagongana. Nilipata varanda ya kushonea viatu, na chumba cha kulala nyuma yake, mbele ya kiwanja cha mpira, mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kufanya kazi. Ilikuwa katikati ya kila kitu. Njia ya bomba la maji ilipita pale, njia ya soko ilipita pale, kanisa lilikuwa upande wa pili, na majengo ya chuo yalikuwa juu kidogo. Wanafunzi wa chuo walikuwa na timu ya mpira ya wasichana, na timu hiyo ndiyo iliyokuwa furaha ya mji. Katika miaka ile ambapo kila wiki watu waliuliza barabara gani bado iko wazi na wakimbizi wa vita wamefika wapi, jioni wote walikuja kutazama wasichana wakifanya mazoezi.

Sikuomba kuwa shabiki. Mpira wao ulipasuka mshono, wakaniletea, nikaushona, na jioni ile nikatoka kwenye varanda kuona kama mshono wangu unashika. Ulishika. Kesho yake nilikuwa nimesimama katikati ya mashabiki, nimepewa bidon, jerikani tupu la kupiga kama ngoma.

Prezidenti wa komite ya mashabiki alikuwa mama muuza maandazi, mpana, mcheshi, mwenye sauti ya kusimamisha ng'ombe. Yeye ndiye aliyenipeleka mbele ya komite ili nisomewe kanuni, maana hakuna mtu aliyepiga bidon pale bila kuzisikia kwanza. Shabiki hampi mchezaji kitu: si chakula, si viatu, si unité za simu, si nafasi kwenye pikipiki. Mchezaji akileta kiatu kwangu, anapanga mstari kama wengine na analipa kama wengine. Msichana anayetafutwa na chuo aje kucheza, shabiki haendi kwao, hawapigii wazazi wake simu, hamwahidi lolote; hiyo ni kazi ya kocha peke yake. Mwenye kuvunja anatengwa na timu, na mchezaji anakaa nje mpaka jambo lisafishwe.

Niliuliza: na ndugu wa mchezaji?

“Ndugu iko ndugu,” akasema Mama Prezidenti. “Nani atakataza mama kupa mutoto chakula?”

Baadaye, tukiwa wawili tu, alinieleza kanuni zilitoka wapi. Kabla sijafika kulikuwa na mfanyabiashara, shabiki mkubwa, aliyempa mchezaji mmoja telefone. Kisha akaja kudai alichodhani amekinunua. Msichana aliacha masomo, akaondoka bila kuaga. Mama Prezidenti ndiye aliyepanda kwa Direkta wa chuo, akakaa mlangoni kwake na karai lake la maandazi mpaka kanuni zikaandikwa. Nilimsikiliza nikaona kwamba ana haki. Hata leo naona hivyo, na hilo halinisaidii.

Msimu ule timu haikuwa na golikipa. Aliyekuwepo alikuwa ameolewa Burungu. Mabao yaliingia kama kuku wanaorudi bandani. Jioni moja, mashabiki wakiwa wamenuna, nilisema kwamba nilimwona msichana huko Walikale anayedaka nsafu. Walicheka. Nikasimama, nikawaonyesha: hivi kulia, hivi kushoto, huku anaongea. Kocha, ambaye alikuwa akipita, alisimama.

Mama Prezidenti alinikamata mkono kabla sijasema zaidi. Nisimpigie mtu simu. Nisitume salamu. Hata nikiota kijiji kile, nisiote kwa sauti. Kocha ndiye atakwenda. Kocha akaenda, maana njia ilikuwa bado inapitika, na mimi nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Chuo kilikubali masharti yake ya kawaida: mchezaji anasoma bila kulipa na analala kwenye nyumba ya wachezaji, ilimradi anacheza. Asiyecheza hana kitanda.

Alifika siku ya mazoezi. Kocha alikuwa mbele na begi lake, yeye nyuma, mrefu kama nilivyomwacha, na kichwani amebeba kitunga kilichofunikwa kwa majani. Aliukata mkusanyiko wote wa mashabiki, akaja moja kwa moja hadi kwangu, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao.

“Mujomba,” akasema. “Mama anakusalimia.”

Bidon ilinyamaza mkononi mwangu. Kila mtu alinitazama, na Mama Prezidenti alinitazama kuliko wote. Ndani ya kitunga mlikuwa na samaki wa kukaushwa, uyoga na nsafu. Sikujua kama naruhusiwa kugusa. Komite ilikutana papo hapo, kando ya goli. Kanuni ilikataza kutoa, ikaonekana; juu ya kupokea haikusema neno. Mama Prezidenti alifikiri, akaonja nsafu moja, akasema kupokea si dhambi. Tukazichemsha zote kwake, komite nzima ikala, na waliokuwa wakinitazama vibaya wakalamba vidole.

Kitunga kikabaki kwangu, tupu, kikining'inia kwenye msumari.

Golikipa akaanza kucheza, na kuku wakaacha kurudi bandani. Alidaka kama anavyodaka matunda, bila kuruka sana, kana kwamba mpira ulikuwa unakuja kwake tangu zamani naye anaupokea tu. Mashabiki walimtungia wimbo wa nsafu. Mimi nilipiga bidon na nilikuwa na furaha, lakini kila nilipoingia nyumbani kitunga kiliniangalia. Nikikirudisha tupu, nimemtukana dada aliyenipa mgongo wa kuku. Nikitia kitu, nimevunja kanuni. Nikikiacha msumarini, nimekuwa mwizi wa kitunga. Nilikiangalia asubuhi nikivaa viatu, nikakiangalia jioni nikivivua.

Kila siku golikipa alipita kwenda bombani, akanisalimia Mujomba, macho yake yakaenda ndani kwenye msumari, yakarudi. Siku moja alisimama.

“Mama anauliza kitunga yake.”

Nikamwambia itabidi asubiri, kuna kanuni.

“Kanuni inakataza mujomba?”

Nikamwambia haimkatazi mjomba. Inamkataza shabiki.

Alinitazama kama mtu anayesubiri sehemu ya pili ya maneno. “Kitunga hairudiake tupu,” akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto, akachukua jerikani lake akaenda.

Nilimwendea Mama Prezidenti. Alikuwa akikanda unga. Aliniuliza kama mimi ni mjomba wa damu wa yule mtoto. Nikasema sijui.

“Namna gani muntu hajue?”

Nikamweleza habari ya mvua, ya jina la ukoo nililolisikia kwa baba mlevi, na ya masikio. Alicheka mpaka unga ukamrukia usoni. Kisha aliacha kucheka, akafuta mikono kwenye kitenge.

“Yule wa telefone,” akasema, “naye alijiitaka mujomba.”

Nilirudi kwangu na maneno hayo, yakakaa ndani kuliko kitunga. Nilijitazama kwenye kioo kidogo cha kunyolea. Niliona mwanamume wa makamo, mgeni, asiye na mke pale mjini, anayetaka kumpa msichana wa chuo kitu. Kisha niliyatazama masikio, na kwa kweli nikayaona kama ya mwindaji yeyote wa msituni, ao ya mvuvi yeyote wa Shasha. Sijui masikio ya watu yanatofautianaje.

Mwishowe niliamua kuchagua kitu kidogo kuliko vyote ambacho bado ni kitu: chumvi. Msituni chumvi ni heshima, na mjini hakuna anayempotosha msichana kwa chumvi. Nilitia fungu moja kwenye jani, nikaliweka ndani ya kitunga, na nikampa mchana kweupe, kwenye varanda, watu wakipita, ili asitokee wa kusema nilitoa kwa kificho. Alipokea kwa mikono miwili. Uso wake ulifunguka namna ambayo sijaweza kuisahau. Alichota chumvi kidogo kwa kidole, akaionja palepale, akaenda nayo kwenye nyumba ya wachezaji. Kitunga kingengoja hapo mpaka apatikane wa kukipeleka kwa mama yake.

Mmoja niliyedhani anapita tu alikuwa shabiki wa chuo kingine, kile ambacho tungekutana nacho Jumapili kwenye mechi ya mwisho ya mashindano. Alikuwa amekuja kuangalia mazoezi yetu. Alipiga picha kwa simu: mimi, msichana, kitunga. Malalamiko yalifika kwa Direkta kabla viatu nilivyokuwa nashona havijakauka gundi.

Tuliitwa ofisini: kocha, Mama Prezidenti, golikipa na mimi. Direkta alikuwa mtu mpole, mwenye sweta ya bluu, na alitutengea viti sawasawa. Alisema hana haja ya kujua kama nina nia mbaya. Haamini kwamba ninayo. Lakini wale wengine wanasema golikipa wetu amepokea zawadi ya shabiki, na kanuni ni za kwetu sisi wenyewe, tulizitaka.

Kuna njia mbili, akaeleza. Kama mimi ni mjomba, hakuna kosa. Lakini lazima ithibitishwe, barua ya chifu wa kijiji yenye muhuri. Hapo kocha aliangalia sakafu, kwa sababu wote tulijua barabara ya Walikale ilikuwa imefungwa kwa vita, na simu za kule zilikuwa zimekufa pamoja na antena. Barua ingechukua muda ambao hakuna aliyeweza kuutaja. Wakati huo wote golikipa angekaa nje, na asiyecheza hana kitanda, na asiye na kitanda angerudi wapi, njia ikiwa imefungwa? Njia ya pili: kama mimi ni shabiki, kosa ni langu. Kitu kinarudishwa mbele ya mashahidi, mimi natengwa na timu, na msichana anacheza Jumapili.

“Iko mujomba wangu,” golikipa akasema, bila kuulizwa. “Mama alisema.”

“Mama yako alimujua kwa masikio,” Direkta akajibu, wala si kwa dharau. Mama Prezidenti akatazama dirishani. Ni yeye aliyemwambia Direkta habari ya masikio.

Direkta akanigeukia mimi, akauliza: Weye uko nani wake?

Nataka kueleza nilichofikiri, lakini sikufikiri kwa mpango. Niliwaza barabara ile na miti iliyolazwa juu ya mito. Nikawaza kwamba mjomba wa kweli ndiye angesema yeye si mjomba, ili mtoto abaki na kitanda, na kwamba shabiki wa kweli naye angesema hivyo hivyo, ili timu ibaki na golikipa. Kwa hiyo jibu lilikuwa moja, na halikunionyesha mimi ni yupi. Na kama nilikuwa shabiki tangu mwanzo, basi nilimtazama akidaka nsafu kwa macho gani? Siku ile sikuwa hata nimeiona timu.

“Miye niko shabiki,” nikasema.

Golikipa aligeuka akanitazama masikio. Kisha akamwuliza Direkta, si mimi, kama ni lazima chumvi irudishwe. Direkta akasema ni lazima, ndiyo kanuni.

“Kwetu,” akasema, “chumvi ya mujomba ikirudishwa kwake, njo kusema alikukataa.”

Direkta alivua miwani, akaipangusa kwa sweta. Alisema anasikia, anaheshimu, ila hapa ni chuoni. Kocha alisema chini chini kwamba hata hivyo sehemu ya chumvi imekwisha kuliwa. Direkta akaagiza jikoni waongeze ile iliyopungua.

Ilirudishwa kesho yake, mbele ya ofisi. Hakuna aliyemwambia ailete na kitunga. Chumvi ingetosha kwenye jani lake. Yeye aliibeba ndani ya kitunga, kichwani, kama siku aliyofika. Hakupiga goti. Nilipokea kwa mikono miwili kwa sababu mikono yangu haikujua namna nyingine. Direkta, akiwa na wema wake, alisema: sasa toa chumvi, umurudishie mutoto kitunga yake.

“Kitunga inabakia kwake,” golikipa akasema, akaondoka kwenda mazoezini.

Basi nikawa nimetengwa. Neno hilo ni jepesi kulisema ofisini. Kanuni ilisema niwe mbali na timu, na timu ilikuwa katikati ya mji. Varanda yangu ilitazama kiwanja. Mama Prezidenti aliwaita vijana wakanihamishia nyuma ya soko, lakini wachezaji wanapita sokoni. Nikaenda kuteka maji asubuhi mapema, wao nao huamka mapema. Kanisani, kwenye ibada ya katikati ya wiki, nilikaa benchi la mwisho, na wasichana wa timu, ambao huchelewa, wakaja kukaa benchi la mwisho.

Ijumaa, mpira uliruka juu ya vibanda, ukabiringika hadi mbele ya kiti changu, na aliyekuja kuufuata alikuwa golikipa. Alisimama. Mimi nilisimama. Mpira ulikuwa kati yetu, ule ule niliowahi kuushona. Niliuona mshono wangu. Sikujua kama kumrudishia mchezaji mpira kwa mguu ni kumpa kitu. Nadhani hata yeye hakujua. Alifungua mikono kidogo, kama alivyokuwa akifungua chini ya mti. Mama Prezidenti alikuwa akitutazama kutoka kwenye karai lake. Mwishowe mbuzi alikuja akaunusa mpira, ukasogea kidogo upande wa golikipa. Akauokota, akakimbia.

Jioni ile nilifunga sanduku langu.

Nimehama mara nyingi katika maisha yangu, na kila mara nilihama kwa sababu miguu ilitaka. Hii ndiyo mara moja tu niliyohama miguu isipotaka. Jumapili, watu wote walipokuwa wakishuka kiwanjani, nilisimama njia panda na motari anayeteremka Sake, sanduku limefungwa nyuma, kitunga mkononi. Mama Prezidenti alikuja akihema, na maandazi kwenye karatasi.

Nikamwuliza kama kanuni inaruhusu.

“Kanuni iko ya mashabiki na wachezaji,” akasema. “Weye sasa hauko shabiki, hauko mujomba. Hauko kitu. Naweza kukupa.” Akacheka, kisha akayarekebisha maandazi kwenye karatasi ingawa hayakuhitaji kurekebishwa. Akasema yule mtoto amekula vizuri asubuhi na atacheza. Akasema pia kwamba hajui kama tulifanya vizuri, na kwamba yule msichana wa kwanza, aliyepewa telefone, angekuwa na mtu wa kusema kama tulivyosema sisi, labda angebaki. Sikuelewa kama ananilaumu ao ananishukuru. Sidhani alikuwa amechagua. Bidon ilianza kulia kule chini, ikipigwa na mwingine, vibaya, naye Mama Prezidenti akakimbia asikose mwanzo.

Tulipoanza kuteremka nilisikia kelele kubwa kutoka kiwanjani. Kwa umbali ule kelele za bao letu na za mpira uliodakwa na golikipa wetu ni zile zile. Nilimwomba motari asimame. Tukasikiliza. Ukungu ulikuwa umeshaanza kufunika, na kelele ikaingia ndani yake, haikutoka tena.

Motari aliuliza nimebeba nini kwenye kitunga. Nikamwambia chumvi.

“Papa, weye unatoa chumvi Masisi unapeleka ku ziwa? Chumvi yote inapandaka, yako njo inashuka?”

Alicheka, akawasha pikipiki. Mimi nilikiweka kitunga magotini, nikakizungushia mikono, kwa sababu barabara ina mashimo. Golikipa alikuwa amesema kinabaki kwangu. Kama alikirudisha chumvi ikiwa ndani, basi hakikurudi tupu, na aliyenacho ndiye anayedaiwa, na siku moja kuna mtu msituni atauliza kitunga chake. Ao alitaka tu asikione tena, pamoja na chumvi yangu na masikio yangu. Tulipita ng'ombe waliosimama katikati ya njia, tukapita mahema ya wakimbizi, na kila pikipiki iliporuka nilifungua jani kuangalia kama chumvi haijamwagika.